Mwalimu wa Kano na Gegedu

Majina ya watu hayanipotei. Wapishi niliopika nao katika ile shule ya sekondari karibu na Ekerenyo naweza kukutajia mmoja mmoja, na wanafunzi waliotuibia vijiko, na hata punda aliyetuletea maji aliitwa Sababu. Lakini huyu ninayemwandika nilimwita Mwalimu miaka yote, na alipostaafu nikaendelea kumwita Mwalimu, kwa hiyo hapa pia atabaki hivyo. Shule ilikuwa na walimu wengi. Ukisema jikoni, "Mwalimu amekasirika leo," hakuna aliyeuliza ni yupi.

Alifundisha baiolojia. Mimi masomo niliyaacha darasa la nne, na Kiingereza chake cha darasani sikukijua. Jikoni tulisema Kiswahili, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa upande wa ziwani na Ekegusii kilimshinda mpaka mwisho. Alijua salamu, alijua kukataa kikombe cha tatu cha chai, na alijua maneno ya kuwatisha watoto wanaokanyaga maua. Mengine yote alinipa kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayempakulia mgeni.

Kilichotukutanisha ni mguu wa ng'ombe. Siku za nyama shuleni kwetu zilikuwa chache, na kila ilipofika mojawapo, Mogaka wa bucha alituletea nyama asubuhi na mapema. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni kabla Mogaka hajapangusa jasho.

"Mama Nyaboke," aliniambia mara ya kwanza, Nyaboke akiwa ndiye kifungua mimba wangu, "nikopeshe mguu mmoja. Nitaurudisha kabla maji hayajachemka."

Nilidhani ni mzaha. Akauchukua kweli, akaulaza juu ya meza yetu ya kukatia sukuma wiki, akawaita wanafunzi wa kidato cha pili wanawe mikono na kuizunguka meza. Nikasimama nyuma yao na mwiko wangu. Kwanza aliinua ule utando mwembamba mweupe ulio kati ya ngozi na nyama, ambao sisi wapishi tunaung'oa na kuutupa bila kuutazama. Akasema usingekuwepo huo, ngozi ingezunguka mwilini kama soksi iliyolegea. Kisha akaivuta kano, ile kamba nyeupe inayong'aa nyuma ya mguu. Hiyo, alisema, inafunga nyama kwenye mfupa. Nyama ikijikunja, kano inavuta, mfupa unafuata. Akapasua goti akatuonyesha kamba nyingine fupi, ngumu zaidi, zinazofunga mfupa kwa mfupa ili goti lisiende mahali lisipotumwa. Na kwenye ncha za mifupa kulikuwa na gegedu, jeupe lenye kibuluu kidogo, laini kama sabuni iliyolowa, la kuzuia mifupa isisagane.

Yote hayo, na mfupa wenyewe, aliyaita kwa jina moja, tishu unganishi. Alilirudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu, nililiona hilo. Wanafunzi waliliandika kwa Kiingereza, mimi nikalibeba kichwani.

Kisha mguu ukarudi kwenye sufuria, na saa ya chakula watoto wakala somo lao. Mvulana mmoja, Nyakundi, aliacha kula. Mwalimu akamwambia kama hawezi kuila kano kwa kuwa sasa anaijua, ataanza kuogopa hata mguu wake mwenyewe. Nyakundi akala. Siku hizi ni daktari wa mifugo huko Kitale, na akija nyumbani Krismasi ananisimulia kisa hicho kana kwamba sikuwepo.

Kuku wakipatikana, wakati wa wageni wa bodi, alinitaka nimwekee miguu. Alishika mguu uliokatwa, akatafuta kano pale juu kwa kibano, akaivuta, na vidole vya kuku aliyekufa vikajikunja vikashika kalamu. Watoto walipiga kelele za furaha kila mwaka, na yeye alifurahi kila mwaka kama aliyekiona kitu hicho siku ileile. Mimi mwenyewe nilivuta. Nilikuwa mama mwenye wajukuu, nikavuta kano ya kuku mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Sasa sikia jambo lililowashinda watu wa Ekerenyo kulielewa. Mwalimu hakula nyama. Alikuwa Msabato wa kushika sana, wa maharagwe na mboga na njugu, na hata samaki hakumgusa, mtu wa ziwani huyo. Mogaka alisema hajawahi kuona mteja wa namna hiyo, anayejua nyama kuliko wauza nyama na hajui ladha yake. Alinunua mifupa, akaichemsha nyumbani, akaisugua kwa majivu, akaianika kwenye kamba ya nguo katikati ya sketi zake. Wapita njia walinong'ona wanavyonong'ona watu. Habari ilipomfikia, aliihamisha kamba akaifunga upande wa barabarani, na chini ya kila mfupa akaning'iniza karatasi yenye jina la mfupa huo. Watoto wa msingi walikuwa wakisimama pale kusoma wakienda shule. Manong'ono yakakosa mahali pa kukaa.

Alikuwa mkali, siwezi kukudanganya. Sokoni akimwona mama anamwinua mtoto mdogo kwa mkono mmoja, aliacha ndizi alizokuwa akinunua akaenda kumsimamisha. Viungo vya mtoto bado ni laini, alisema, mshike kwapani. Mama mmoja akamjibu kwa Ekegusii maneno ambayo ilikuwa bahati Mwalimu hakuyaelewa. Akaniuliza amesema nini. Nikamwambia ameshukuru.

Na tulibishana. Ubishi wetu mkubwa ulikuwa wa damu. Siku moja alinieleza kwamba damu nayo ni ya ukoo uleule wa kano na mfupa na gegedu. Nilimkatalia pale pale. Nikamwambia damu inamwagika, haiwezi kufunga hata kuni, itaunganisha nini? Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la maharagwe. Akaniuliza ni nani hapa shuleni anayepita kila nyumba ya walimu kupeleka chakula, kuchukua taka na kujua nani anaumwa wapi. Nikamwambia ni mimi. Akasema basi mimi ndiye damu. Sikukubali siku hiyo, lakini nilitembea kwa maringo kidogo nikienda nyumbani.

Hata unene wangu aliutetea. Mafuta, alisema, ni ya ukoo huohuo, ni ghala na ni godoro, na yanaufunika mwili usipoe. Wapishi wenzangu walioniita Debe niliwapelekea maneno hayo yote mawili, ghala na godoro, na nikaona wananyamaza.

Nimeyasema hayo ili ujue ni mtu gani aliyekuja nyumbani kwangu siku ya mguu wa Kwamboka.

Kwamboka ni mjukuu wangu, mtoto wa Nyaboke, nimemlea tangu anaachishwa ziwa. Wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja nafasi ya chuo. Alikuwa akikusanya majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba, akirudi kinyumenyume huku anavuta mzigo, akaingiza mguu kwenye ukingo wa bati la zamani lililozama nyasini. Likamkata juu ya kisigino. Nilipofika alikuwa amekaa, hata halii sana, ananiambia, "Magokoro, mguu hausukumi." Ndivyo wajukuu wanavyotuita bibi zao.

Mwalimu aliishi karibu, akaja na kanga. Alitazama mara moja tu. Akamfunga, akakataza asikanyage chini hata hatua moja, akamkalisha kwenye boda boda katikati yake na dereva, nao wakaenda hivyo mpaka hospitali huko Nyamira. Kano ilikuwa imekatika. Waliishona, wakamvika plasta kuanzia vidoleni mpaka karibu na goti, vidole vikitazama chini kama vya mtu anayechungulia dirishani. Wakasema asiukanyagie mguu huo mpaka waseme wao.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na lazima nieleze tunavyoishi. Shamba langu la chai ni dogo lakini ndilo linalotushika. Mume wangu Osoro alikuwa ameshatutangulia, watoto wako mbali, na mimi nilikuwa jikoni shuleni mchana kutwa. Tulikuwa katika egesangio, kikundi cha akina mama wanaochuma kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sheria yake inajulikana na haina ukali wowote, nyumba inatoa mkono na nyumba inarudishiwa mkono. Mkono wa nyumba yangu ulikuwa Kwamboka. Usipotoa mkono unarukwa, na chai ikirukwa inakua, inakomaa, na hakuna wa kuinunua. Kuweka kibarua sikuweza.

Kidonda kikafunga. Maumivu yakaisha. Msichana akaanza kuwaambia watu kwamba amepona na ni plasta tu inayomfunga. Bosibori, kiongozi wa egesangio yetu, akaja na wenzake wawili kumjulia hali, wakaketi, wakanywa chai. Bosibori si mtu mbaya, amenizalisha watoto wawili wa mwisho kwa mikono yake. Alisema mguu ukilala sana unakauka. Tuiloweshe plasta kwa maji ya moto, tuikate, tuusugue mguu kwa samli, kisha Kwamboka aamke achume taratibu, na mguu utajikumbuka wenyewe. Ndivyo tulivyowafanyia watu wengi, na wengi waliinuka. Nilikuwa nimeshaweka maji motoni.

Mwalimu akaingia akileta mboga. Akaona sufuria, akaona kisu, akaelewa. Hakupaza sauti. Akakaa chini kwenye mkeka karibu na ule mguu, akasema kwa Kiswahili, nami nikamtafsiria Bosibori palipokuwa na haja. Ngozi imepona, alisema, kwa sababu ngozi ina damu nyingi, na kila siku inaletewa chakula. Kano ni nyeupe, mmeiona wenyewe mnapopika. Damu huko inafika kidogokidogo, na mwili unaishona uzi kwa uzi. Akikanyaga leo itaachia, na ikiachia mara ya pili hataweza tena kupanda hata kilima cha kisimani.

Bosibori akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa langu pia.

"Sawa, Mwalimu. Na majani nayo yataingoja kano?"

Kwamboka alikuwa anatazama vidole vyake. Mwalimu akaangaza macho nyumbani mwangu, akakiona kikapu kinaning'inia ukutani.

"Nipe hicho," akasema. "Mkono wa nyumba hii ni wangu mpaka atakapoinuka."

Mmoja wa wale akina mama akacheka, akauliza kwa Ekegusii kama huyu wa samaki ataijua chai. Bosibori akamwambia amwache, atamjua kesho.

Na kesho yake tulimjua. Ilikuwa likizo ya Agosti. Alikuja na gambuti za bwana sijui yupi, kubwa kuliko miguu yake, na aproni ya maabara. Alichuma vibaya kupita watu wote niliowahi kuwaona. Kwetu unachukua majani mawili na kichipukizi, unakwenda. Yeye alikwanyua chochote kilichokuwa kijani, majani magumu, vijiti, mara moja hata jani la mti wa kivuli. Pale kituoni Omwenga, karani wa kupokea majani, alimwaga kikapu chake mezani, akachambua, akarudisha karibu nusu. Mwalimu akasimama pale mbele ya watu aliowafundishia watoto, akachambua upya, bila kununa.

Bosibori ndiye aliyemfundisha. Alimlazia ufito juu ya michai na kumwambia kilicho juu ya ufito ndicho chako, kilicho chini si chako, na akikosea alimchapa kidogo kwa ufito huohuo mkononi, huku Mwalimu akisema, "Asante, mwalimu." Ndipo nikajua kwamba wamepatana.

Shule zilipofunguliwa aliendelea asubuhi na mapema kabla ya kengele, na siku za Jumapili mchana, wenzetu Wakatoliki wakishatoka kanisani. Ijumaa jua likianza kuinama alivua kikapu, hata akiwa katikati ya mstari, kwa ajili ya Sabato. Vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu wa majani. Aliandika ubaoni na vidole hivyo, na mwanafunzi aliyecheka aliambiwa aje mbele aeleze kano za vidole ni ngapi na zinaanzia wapi. Mimi nikamwona kupitia dirisha la jikoni, mtu mwenye digrii, mkono mmoja chaki, mwingine umesimama kiunoni kwa uchovu, na nikawaambia wapishi wote, huyo ndiye mkono wa nyumba yangu. Nililisema hilo kila siku. Walichoka kulisikia.

Chai yangu haikurukwa.

Plasta ilipotolewa hospitali, mguu ulikuwa umekonda kama wa mtoto. Kwamboka alitembea na fimbo, akichechemea, na mwisho wa muhula huo Mwalimu akastaafu. Tulimuaga kwa maharagwe na chapati, hakuna nyama. Siku anapanda gari na mifupa yake katika masanduku, Kwamboka alimsindikiza mpaka barabarani kwa fimbo yake. Mmoja wa wale akina mama akasema nyuma yangu kwamba Mwalimu ametuachia kilema. Mwalimu Ekegusii hakujua, lakini neno lile alilijua. Niliona bega lake likishtuka. Hakugeuka.

Akaenda kukaa kwa mwanawe Nakuru, na huko akaugua miaka. Alinipigia simu, swali lake la kwanza likiwa lilelile, mguu unaendeleaje. Nilimwambia anatembea, Mwalimu. Baadaye nikamwambia anabeba maji. Baadaye nikamwambia ameolewa, ana mtoto, anauza vitambaa Nyamira mjini. Alisema vizuri, vizuri, kwa sauti ya mtu anayeandika alama kwa penseli. Mara moja aliniambia simu haioni kisigino.

Mwaka huu amerudi upande wetu. Binti yake anafanya kazi Kisii mjini na amejenga Kiogoro, akamchukua mama yake. Nilipopata habari nilimwambia Kwamboka afunge duka siku hiyo. Tukaenda na ndizi na mtoto.

Tulimkuta uani, ameketi juani, blanketi miguuni. Amepungua. Akataka kuinuka kunisalimia na magoti yakakataa. Akaniambia gegedu limekwisha, Mama Nyaboke, sasa ni mfupa kwa mfupa, ukinikaribia utasikia nikisaga mahindi. Nikamwambia mimi ghala na godoro bado viko. Tukacheka, tukanywa chai, akauliza habari za Bosibori, za Omwenga, za Mogaka, nami nikampa jina baada ya jina mpaka binti yake akatuacha akaingia ndani.

Lakini nilikuwa nauona uso wake. Alikuwa anamtazama Kwamboka kila alipopita na kikombe.

Mwishowe akasema, "Njoo hapa mbele yangu. Vua viatu."

Kwamboka akanipa mtoto, akavua viatu vyake vya mjini. Lile kovu liko pale juu ya kisigino, limepauka. Mwalimu akanyoosha mkono akalishika, akalifuata kwa kidole gumba juu na chini, kwa muda, kama alivyokuwa akitafuta kitu katika mguu wa ng'ombe mezani pangu.

"Nikuambie kitu, Mama Nyaboke," akasema bila kuniangalia. "Siku ile sikuwa na hakika. Kitabu nilikijua. Mwili wa mtoto huyu sikuujua. Ndiyo maana nikachukua kikapu. Ningekosea, angalau nisingekuwa nimekosea nikiwa nimekaa."

Nilimpakata mtoto.

"Kutembea, watu hutembea hata kwa kano mbovu," akamwambia Kwamboka. "Simama kwa mguu huo mmoja. Sasa panda juu ya vidole."

Kwamboka sasa ni mama, ana uzito wake, ametufuata sisi wanene. Alinitupia jicho mara moja. Kisha akauinua mguu mzima nyuma, akabaki kwenye ule wa bati, mikono imetanuka kidogo, na taratibu kisigino kikaacha ardhi. Nyama ya nyuma ya mguu ikajikunja. Kano ikatokeza chini ya ngozi, imenyooka kutoka kisigino mpaka juu, kovu likiwa limepanda nayo. Kisigino kikaendelea kwenda juu.

Mwalimu aliinama mbele mpaka blanketi likaanguka. Vidole vyake, ambavyo utomvu wa chai ulishavitoka zamani, vilikuwa vimeshika mikono ya kiti.

"Basi," akasema. "Nimeona. Shuka, mama, utachoka."

Kwamboka hakushuka.